Darubini ya Bwana

Mwaka mmoja kabla Waingereza hawajateremka kisiwani kwetu, pale Ras Kisimani, nilikuwa mbeba bunduki wa Mjerumani mwenye shamba la minazi. Bunduki yake ilikuwa na darubini juu, ukitazama ndani kitu cha mbali kinakuja karibu. Ukiifuta vibaya, kofi. Ukiiangusha, hamsa ishirini: fimbo ishirini na tano mbele ya watu, na wapo waliozikwa na vidonda vyao.

Basi nikaiangusha. Nilikuwa nashuka mtumbwini Chole, nikateleza, bunduki ikapiga mwamba. Kioo hakikupasuka, ila mdomo wa darubini ulikwenda kushoto, kiasi cha unene wa ukucha. Niliusukuma kwa dole gumba, haukurudi. Mficha uchi hazai, nalijua hilo, lakini siku ile niliuwaza mgongo wangu tu. Nikafuta mchanga, nikanyamaza.

Jumanne, msimamizi wetu, alikuwa na bunduki kuukuu ya askari, ya kulengea kwa kichuma kilichosimama mdomoni mwa mtutu. Ilikwisha kuzama baharini mara mbili. Kichuma kikipinda alikinyoosha kwa jiwe, akaendelea kuwinda.

Siku ya tatu Bwana akaitwa kijijini kwetu kumuua kiboko aliyekuwa akimaliza mpunga. Kila asubuhi mnyama yule alirudi bwawani kwa njia moja, katikati ya madungu mawili ya kulindia shamba. Bwana aliamuru walinzi wabaki juu wapige madebe, kiboko asiiache njia. Mdogo wangu Kidawa alikuwa dungu la upande wa kushoto wa Bwana.

Darubini imelala kushoto, niliwaza, na risasi itakwenda kushoto. Nikamkimbilia.

"Kidawa, hamia dungu la kule kulia."

"Kuna nini, kaka?"

"Hapa jua litakupiga machoni."

"Makubwa! Leo kaka Shaabani ananionea huruma ya jua." Akacheka, shamba zima likamsikia, akabeba debe lake, akahama.

Kiboko akatokea. Bwana akaweka jicho kiooni, akafyatua. Kiboko hakutikisika. Upande wa kulia debe likanyamaza.

Jumanne ndiye aliyemwangusha kiboko, kwa risasi moja. Kisha akaitazama bunduki ya Bwana mikononi mwangu, akauona ule mdomo uliopinda.

"Wewe ulijua," alisema.

"Nilidhani itakwenda kushoto."

"Risasi haifuati darubini, Shaabani, inafuata mtutu. Kioo kikipinda kushoto, ukilenga nacho mtutu unatazama kulia." Akaniacha pale. Hakumwambia mtu.

Bwana alisema ni kazi ya Mungu, akaleta bafta ya sanda ya Kidawa. Hamsa ishirini nilizoziogopa, sikupigwa hata moja.

Siku ya tatu ya matanga mama alinishika mkono mbele ya watu wote. "Huyu alimhamisha mwenzake asiumizwe na jua," alisema. "Ndugu wa namna hii wamebaki wangapi?"

Jumanne alikuwa amekaa mlangoni, ananitazama. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Ni Mungu tu, mama."