Vidole Vitatu vya Akiba

...na kwa nini anatabasamu kabla hajasema kitu, "Kata tu, fundi," bosi mpya anasema, "karatasi si hiyo hapo," karatasi ipo, anaiona, si kipofu, amekata sare za shule kwa miaka ishirini na mmoja na mkasi umeshaachama juu ya kitambaa, ila karatasi hii mpya ya kukatia gauni ni fupi, imepungua vidole vitatu kamili, amepima mara mbili kwa mkono wake, na Mzee aliyemuuzia bosi huyu duka alikuwa mkali, vidole vitatu haviguswi, vinakunjwa ndani ya upindo, mtoto akirefuka mama yake analirudisha gauni, unafumua, unashusha, wanaondoka na mwaka mwingine mzima, ndiyo maana shule zikikaribia kufunguliwa foleni ilifika hadi kwa muuza viatu... "Tunapunguza upotevu tu," upotevu, eti upotevu, mwongo huyu, anataka gauni life mapema wanunue lingine, na nani alimfumbua macho, maana wiki ya kwanza hakujua hata sindano inashikwaje, labda yule wa cherehani, tangu juzi hamtazami usoni, au... la, mke wa bosi, mkewe alikuja na daftari, akauliza kwa sauti ya asali, hiki cha ndani ni cha nini, dada, na nani akaligeuza gauni nje ndani akamwonyesha, akajigamba kabisa, nani kama si yeye mwenyewe, mdomo wake huu, Mungu wangu, "Fundi, unanisikia?" anasikia, alisikia pia walivyonyamaza ghafla alipoingia asubuhi, wanataka kumfukuza, wiki nzima halali kwa hilo, ada ya binti yake, kodi, na nani atamwajiri na magoti haya, basi akate, ni kitambaa tu, wengine wangekata na kwenda zao nyumbani kula, akate... mlango unafunguliwa, mama mmoja na msichana wake mwenye miguu mirefu, huyu aliwashonea hata dada zake wakubwa, "Nimekuona kwenye kioo cha mbele nikashusha pumzi," mama anasema, "watu wanasema duka limeuzwa, nikasema maadamu fundi wangu yupo, sina wasiwasi, ila huyu anakua kama magugu, muachieni nafasi kama zamani," naye anafungua mdomo, lakini bosi amemwahi, mkono begani kwake, mzito, wenye joto, "Kama zamani, mama, si unaona fundi ni yuleyule?" ...yuleyule, ndiyo maana meza yake ilitolewa kule nyuma ikawekwa kwenye kioo, na aproni mpya, na kuitwa mama wa duka mbele za wateja, naye akadhani ni heshima, akampigia dada yake simu kumsimulia, kumbe kilemba cha ukoka, hawamfukuzi ng'o, hawajawahi kuwaza kumfukuza, wangemfukuza wangelazimika kudanganya kwa midomo yao wenyewe, sasa yeye anakaa tu pale mbele akionekana, na uongo wote umeshasemwa, mkono bado uko begani, kitambaa bado kizima, mkasi bado uko wazi, na mama yule anampa msichana wake ishara asogee kupimwa, "Msalimie fundi," anasema, "huyu hajawahi kutudanganya."