Mbegu za Phanice

Mimi ndiye niliyemfukuza Phanice. Nalisema hilo mapema ili usinionee huruma bure.

Kwetu, nje kidogo ya mji wa Migori, mke wa mwana hapandi kabla ya mama mkwe. Mimi natangulia kutia mbegu ardhini, wengine wanafuata. Anayeniruka huleta chira, laana inayomkausha mtu akiwa hai. Miaka sita iliyopita niliamka alfajiri nikamkuta Phanice, mke wa mwanangu Zablon, amesimama shambani na jembe, mistari minane ya mahindi imekwisha pandwa. Mwezi haukuisha, Zablon akawa anajibizana na watu tusiowaona, akakataa chakula changu akidai nimekitia sumu. Nilitaka ushahidi gani tena? Nilitupa nguo za Phanice barabarani. Hakujitetea hata kidogo, nami nikatangazia kijiji kizima kwamba kimya chake ni cha mwenye hatia. Mdomo ninao.

Dawa zimemtuliza Zablon, lakini kila jioni bado anampakulia Phanice sahani yake.

Mwaka huu watafiti wa hospitali anakotibiwa walimpiga picha ya ubongo. Daktari Sumayya aliniita tuongee.

"Mama Eucabeth, ndani ya ubongo kuna nyuzi nyeupe zinazopeleka habari kutoka sehemu hii hadi ile. Tukilinganisha watu wengi wenye skizofrenia kama Zablon na wasio nayo, tunaona nyuzi hizo zimebadilika kidogo. Picha moja haithibitishi ugonjwa, na bado hatujui yote. Lakini mara nyingi mambo huanza polepole, kabla watu wa nyumbani hawajagundua."

"Kabla? Hata kabla ya mtu kupanda mahindi?"

"Mahindi hayahusiki, mama."

Kesho yake nilikwenda Rangwe, kwao Phanice, na kuku mwekundu kwapani. Nilifanya mazoezi ya kuomba radhi njia nzima, mimi ambaye hata marehemu mume wangu sikuwahi kumwomba. Nilitaka kumrudisha nyumbani, basi.

Nilimkuta sokoni akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, ana mimba kubwa. Alikuwa ameolewa tena. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyo ndiye mjukuu pekee niliyempata.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Daktari anasema si mbegu zako."

"Hazikuwa zangu, mama." Aliendelea kupima omena za mteja, hakuniangalia. "Zablon ndiye alipanda. Alisikia sauti zikimwambia asipopanda, wewe utakufa. Alikuwa anakuokoa. Nilimfikia kwenye mstari wa nane, nikamnyang'anya jembe, nikamrudisha nyumbani akalala. Nilirudi kufukua zile mbegu kabla hujaamka. Ndipo ukanikuta."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungemfukuza yeye. Mimi nilikuwa na kwetu. Yeye angeenda wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba nisingemfukuza mwanangu wa kumzaa. Lakini nilijijua nilivyokuwa wakati ule. Nililia pale sokoni mbele ya wateja wake bila aibu. Phanice alinishika mkono, akapokea yule kuku, akanifungia omena za Zablon kwenye gazeti.

"Mwambie azikaange na nyanya nyingi," alisema. "Ndivyo anapenda."

Nilifika nyumbani jioni. Zablon alikuwa amekwisha pakua ugali kwenye sahani tatu.

"Amekuja?" aliuliza.

"Yuko njiani," nikasema.

Akachukua sahani ya Phanice, akaifunika isipoe.