Mamluki wa Getini

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Paka akiangusha sufuria jikoni, wa kwanza kushika kifua ni mimi. Labda ndiyo maana napenda vita vya kwenye kompyuta: unateketeza jeshi zima ukiwa umekalia stuli, na chai yako haijapoa.

Kazi yangu ni kutengeneza friji. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, ua mmoja, geti moja la bati. Ndani tunaishi watatu: mimi, mke wangu na mama yake, ambaye tangu miguu ipooze hatoki kitandani bila kubebwa. Getini alikuwepo mlinzi wa kampuni. Tulimwita Kamanda, kwa utani tu, maana sare yake ilishonewa mtu mnene kuliko yeye, na silaha zake zote zilikuwa rungu na filimbi.

Mchana, wateja wakipungua, nilikuwa namwita kwenye benchi tucheze. Mchezo wenyewe ni wa falme za zamani: ngome, farasi, mikuki, na hazina ambayo haitoshi kamwe. Kamanda alicheza vibaya mpaka nikamhurumia. Mamluki, wale askari wa kukodi, ndio walimshinda kabisa. Aliwakodi, akawaficha ndani ya ngome kama mayai, kisha akawatuma wakulima wake mwenyewe wakafe mbele.

"Sivyo, Kamanda," nilimwambia. "Mamluki unamweka mbele. Yeye ndiye anakula mishale. Watu wako wanakaa nyuma, wanaingia adui akishachoka. Na usimweke kambini bila kazi, atakumalizia hazina. Vita vikiisha, waliobaki waachishe kazi."

"Na wakifa wengi?"

"Afadhali. Wa kulipwa wamepungua."

Akakuna kidevu. "Na wao wanajua?"

"Kina nani?"

"Hao wa mbele."

"Kamanda, hizo ni picha."

Akacheka, tukaendelea. Nikamfundisha na lile ambalo wachezaji wengi hawalijui. Mamluki hana nyumba anayoitetea pale. Jemadari akiwa mbali, kibendera kilicho juu ya vichwa vyao kinaanza kubadilika kuwa cheupe, na hapo ujue wanatafuta njia. Msogeze jemadari karibu, kinatulia. "Anageuka nyuma kukutafuta," nilimwambia. "Asipokuona, huna mtu."

Mama mkwe alikuwa anasikia yote kutoka kitini kwake uani. Kamanda ndiye aliyembeba kila asubuhi kumtoa nje aote jua, kwa sababu mgongo wangu mimi ni wa kuringia tu. "Mtu mzima na ndevu zake," alisema, "anafundisha watu kufa." Yule mama alimwita Kamanda mwanangu. Mimi niliyemwoa binti yake aliniita fundi.

Vurugu zilianzia sokoni siku wachuuzi walipobomolewa vibanda. Asubuhi tulisikia mabomu ya machozi. Kufika mchana ilikuwa ni kuvunja maduka na kuchoma, na hakuna aliyekumbuka tena habari za vibanda. Majirani walifunga milango wakaondoka na watoto mgongoni. Sisi tungeondokaje? Kumpakia mama mkwe kwenye pikapu na kumpitisha katikati ya mawe ilikuwa ni kumpeleka kaburini kwa mikono yetu. Nilipiga simu kampuni ya ulinzi, ikaita mpaka ikakata.

Basi nikafanya kama nilivyozoea kwenye mchezo. Nilimwambia Kamanda asibanduke getini, nikaingia chumbani kwa mama mkwe, mimi na mke wangu tukasukuma friji ya mteja niliyokuwa nimeihifadhi humo, ikaziba mlango.

"Umemwacha mwenzio peke yake?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani.

"Ndiyo kazi yake, mama."

Aligeuzia uso ukutani. Bora angenitukana.

Kelele zilikuwa mbali, kisha zikawa mtaa wa pili, kisha zikawa zetu. Vioo vilivunjika. Mtu alikuwa anacheka, na kicheko hicho kilinitisha kuliko vioo. Jiwe la kwanza likagonga geti. Nilichungulia dirishani. Kamanda alikuwa amekaza bega kwenye bati, visigino vimechimba udongo, na kila walipopiga teke lilimrudisha nyuma. Filimbi ilimning'inia shingoni. Hakuipuliza, na angempulizia nani?

Kisha akageuka nyuma, akatazama nyumba. Akarudisha bega kwenye bati. Akageuka tena.

Nilikuwa nimekiona kitu hicho mara nyingi mno kwenye kioo cha kompyuta. Kibendera kilikuwa kinakuwa cheupe, na jemadari yuko wapi? Amejibanza dirishani, ameshika pazia.

"Anakimbia," nilimwambia mke wangu. "Sasa hivi anakimbia."

"Sasa tufanyeje?"

"Sijui," nikasema, nami nilijua sana. Ndicho kilichonitisha. "Nisaidie kuisogeza hii friji."

"Unakwenda kupigana? Wewe?"

"Nakwenda kusimama tu. Anione."

Ua wangu ni mdogo, kuku anauvuka bila kuchoka, lakini siku ile haukuisha. Nilishika spana ya mabomba, na kwa jasho ikawa inateleza mkononi kama sabuni.

"Bosi, rudi ndani!" Kamanda alinifokea.

"Nimekuja. Niko hapa. Usikimbie."

"Nikimbie niende wapi?"

"Nimekuona unageuka kunitafuta."

Alinikazia macho. "Sikuwa nakutafuta wewe," alisema, akanionyesha kwa kidevu.

Niligeuka. Juu ya paa la nyumba yangu, ng'ambo ya reli, moshi mweusi ulikuwa unapanda.

"Pale ni wapi?"

"Kwangu," alisema. "Mke na watoto wako pale. Simu haipatikani."

Alikuwa amelinda geti langu muda wote ule, tumekula pamoja, nimemcheka sare yake, na sikuwahi kumuuliza analala wapi.

"Sasa mbona hujaenda?"

Bati liliturukia. Tukaliegemea wote wawili, bega kwa bega. "Nikienda," alisema akiwa ameuma meno, "mama atabebwa na nani?"

Komeo lilianza kupinda. Vidole vikapenya pembeni ya geti, Kamanda akavishushia rungu, yowe likatoka. Mimi nilipiga kelele pia, sijui nilisema nini. Nilijua tu kwamba nitakufa nimevaa ndala. Kisha huko nje mtu akaita kwamba ghala la kona limefunguka, bia ni za bure. Miguu ikatimka. Tukabaki tunahema.

Kamanda akasimama wima, akavuta shati lake kubwa likae sawa. "Bosi," alisema, "naomba ruhusa."

Ruhusa! Mtu kwake kunaungua, anaomba ruhusa. Na mimi, Mungu anisamehe, jibu la kwanza lililonijia lilikuwa hapana. Wangerudi. Wangenikuta peke yangu. Hata hilo hapana likashindwa kutoka, na mkono ukafanya uamuzi wake: ukampa funguo za pikapu.

"Walete hapa," nikasema hatimaye. "Wote."

Alinivisha filimbi shingoni, akaniachia rungu. Gari lilipotoka nilifunga lile komeo lililopinda, nikalitia bega. Sijawahi kuogopa hivyo. Kila sauti ilikuwa inanijia mimi. Nikageuka nyuma, kweli niligeuka, na dirishani nikamwona mama mkwe ameketishwa, mke wangu amemshikilia mabega, macho ya yule mama yamenitulia usoni.

"Tuko hapa, fundi," alisema.

Nikageukia geti.

Jua lilikuwa limelegea pikapu iliporudi na kupiga honi. Nilifungua. Kamanda alishuka na macho mekundu. "Nyumba imekwenda," alisema. "Wao wapo." Nyuma ya gari alikaa mwanamke mwenye masizi usoni, watoto wamemng'ang'ania, na godoro moja.

Mke wake hakuwa amewahi kuniona. Alinitazama, filimbi shingoni, rungu mkononi.

"Wewe ndiye mlinzi wa hapa?"

"Ndimi."

"Mbona unatetemeka?"

"Naogopa, shemeji," nilimwambia. "Ingieni ndani."

Kamanda alifunga geti, akaja kusimama ubavuni kwangu. Rungu lake hakulidai.