Kibandiko cha Kijani

Wenzake walimwita Mizani, kwa sababu kwenye meza ya mlangoni, pale idara ya dharura, hakumwonea mtu wala kumpendelea. Mgonjwa akiingia, muuguzi huyu humtazama, humpima, kisha humbandika rangi begani: nyekundu aingie sasa hivi, njano asicheleweshwe, kijani asubiri. Kelele hazikumbabaisha. Anayepiga kelele, alipenda kusema, angalau anapumua.

Juma lile, hata hivyo, msimamizi wao alikuwa amewaka moto. Kuna waliokuwa wakipitisha ndugu zao mlango wa nyuma, naye akaapa kwamba atakayemnasa atakuwa mfano kwa wengine. Basi asubuhi hiyo, mabenchi yamejaa pomoni, nani akatokea? Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisema tumbo linamchoma tangu alfajiri, na taya linamvuta kidogo. Akatania kwamba huenda meno yaliyobaki yanafunga virago.

Taya. Mizani alilisikia neno hilo vizuri. Angekuwa mwanamke mwingine wa umri ule, asiyemjua, angemlaza palepale ampime moyo kwa mashine. Lakini watu wote walikuwa wamemkodolea macho, maana walishamsikia akimwita mama. Akampima presha harakaharaka, akambandika kijani, akamwambia akasubiri. Mama mkubwa akaitikia, akaenda kukaa benchi la mwisho kabisa.

Alianguka kabla foleni haijamfikia.

Aliponea chupuchupu. Jioni Mizani alimkuta wodini, mpira wa hewa puani, akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Huyu ndiye mwanangu. Hana upendeleo huyu. Hata mimi alinipanga kama watu wengine."

Sifa ile ilimuuma kuliko tusi. Aliona aibu hata kusimama pale. Akainama, akamnong'oneza kwamba si kweli: mtu baki angemwingiza ndani papo hapo. Yeye alimpa kijani kwa kuogopa midomo ya watu, na woga huo nusura umuue.

Mama mkubwa alingoja jirani yake ageukie ukutani.

"Najua," alisema polepole. "Ulinipima huku unawaangalia wao. Hata nilipozidiwa pale kwenye benchi, nikasema nivumilie tu, nisije nikakuaibisha kazini."