Kaniki ya Dorkasi na Unga wa Kasuku

Watu wanaojua kununua wamejaa tele. Wanaojua kufagia utawahesabu kwa vidole. Dorkasi wa Makole alikuwa wa kundi la pili, wala hakuona haya kulisema mbele ya mtu yeyote. Kwa miaka tisa alikuwa ameifagia nyumba ya Shantaben, ile iliyo nyuma ya duka la vitambaa karibu na soko la Dodoma, na katika miaka hiyo hakuna kona iliyoweza kumficha jambo.

Adui yake katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, nao ni unga wa kasuku. Kasuku wenyewe walikuwa wawili. Dume aliitwa Mithu, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na marehemu mume wa Shantaben ndiye aliyemleta kwa treni kutoka Kigoma. Jike hakuwa na jina na hakuwahi kusema neno, labda kwa kukosa nafasi, maana Mithu alisema kwa niaba ya wote wawili. Sasa mtu asiyefuga kasuku hudhani taabu yao ni mavi na maganda ya alizeti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mavi unayaona, unayakwangua, yamekwisha. Lakini manyoya ya kasuku hutoa unga mweupe, mwepesi kuliko wowote uliowahi kutoka kwenye jiwe la kusagia, na Mithu akijikung'uta mara moja tu asubuhi, unga huo unapanda darini, unatua juu ya picha, juu ya vikombe, hata juu ya nyusi za mtu. Ukiupiga ufagio unahama tu, unakungoja uondoke, kisha unarudi kukaa. Ukiumwagia maji unakuwa uji.

Dorkasi alipambana nao kwa kitambaa chenye unyevu na kwa subira. Hakulalamika, kwa sababu alijua Mithu ni nani katika nyumba ile. Marehemu alikuwa na mazoea yake: saa kumi jioni alivua viatu barazani na kuita, "Shanta, chai!" Alipofariki, Mithu akaendelea kuita. Saa kumi ikifika, sauti ile ile ya mzee mwenye tumbaku kooni inatoka tunduni: "Shanta, chai!" Shantaben alikuwa amekaa miezi mitatu bila kula vizuri wala kuzungumza na mtu. Siku moja, aliposikia mwito huo, aliinuka, akaenda jikoni, akapika chai, akamimina vikombe viwili. Tangu siku hiyo akarudi kuwa mtu, na desturi ya vikombe viwili hakuiacha.

Mwanawe, Vithaldas, hakuipenda sauti ile. Kila ikiita, alikumbuka jambo la kufanya nje.

Mwaka huo mkewe Sushila alikwenda kujifungua kwa wazazi wake huko Kolo, kama ilivyo desturi ya watu wao kwa mtoto wa kwanza. Mtoto alipotimiza miezi miwili ikaja barua kwamba Jumamosi watarudi kwa basi la Kondoa. Jumatatu ya wiki hiyo Vithaldas alisimama sebuleni, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akakipuliza.

"Ba," akamwambia mama yake, kama alivyozoea kumwita, "mtoto hawezi kuvuta unga huu. Ama vumbi liondoke, ama ndege waondoke. Kuna mtu wa reli anahamia Tabora Jumapili. Amekubali kuwachukua."

Shantaben alivuta ncha ya sari yake akaibana mdomoni. Dorkasi, aliyekuwa amepiga magoti akifuta miguu ya viti, akajibu kwa niaba yake, maana ndivyo alivyoumbwa.

"Vumbi litaondoka, bwana. Nipe mpaka Jumamosi."

"Kwa kitambaa hicho?"

"Kwa hiki au kwa kingine. Vumbi halijanishinda bado."

Vithaldas hakuwa mtu mbaya, na mama yake alimpenda. Akasema kama ni hivyo, basi iletwe mashine. Siku zile Wazungu wa karanga wa Kongwa walikuwa wamefunga virago, wameyaachia mashamba nyani, na Sultanali mwenye duka la vyombo alikuwa amenunua walivyoacha: vitanda, gramafoni, na mashine mbili za kufyonza vumbi. Umeme ulikuwa umekwisha kufika katika nyumba za mtaa ule. Jumatano asubuhi Sultanali akaja na mashine kubwa, nyekundu, yenye mfuko wa kitambaa umesimama mgongoni.

"Hii," akasema, "inavuta mpaka dhambi."

Akaiwasha. Loo, ilinguruma kama lori linalopanda mlima na shehena ya mahindi! Mfuko ukatuna. Ikala maganda ya alizeti, ikala manyoya, na Sultanali akatoa msumari mfukoni akautupa sakafuni, nao ukaliwa. Mithu akajipigapiga kwenye nyaya za tundu, jike akaanguka kutoka kwenye kijiti chake. Shantaben akaenda kusimama mbele yao akiwakinga kwa sari. Mashine ilipozimwa, Vithaldas akatoa leso yake nyeupe, akaifuta bembea ya mtoto iliyokwisha kuwekwa karibu na dirisha, akaitazama leso. Safi kabisa.

"Hakuna maneno," Sultanali akasema, akaanza kukunja waya.

Wakati wote huo wanaume wawili walikuwa wakitazama mdomo wa mashine. Dorkasi hakuutazama hata kidogo. Alikuwa na shamba la uwele Mkonze, na tangu utotoni alipepeta, na mwanamke anayepepeta hatazami nafaka. Nafaka anaijua, itaanguka tu. Yeye hutazama makapi yanakokwenda, asije akawapepetea wenzake machoni. Ndiyo maana alikuwa amesimama nyuma ya mashine, na huko nyuma upepo wa joto ulikuwa ukitoka kwenye ule mfuko na kumpiga usoni, na upepo huo ulikuwa na ladha. Aliijua ladha hiyo kwa miaka tisa: unga ulikuwa ukipenya kwenye kitambaa cha mfuko na kurudi chumbani.

"Bwana," akamwambia Vithaldas, "leso yako nyeupe, na unga ni mweupe. Umetafuta maziwa ndani ya maziwa."

Akaivua kaniki aliyojitanda mabegani, nguo nyeusi tii kama wanavyovaa mama zetu wa Ugogo, akaifuta bembea ile ile. Alipoinua kaniki, palikuwa na mstari mweupe wa upana wa kiganja.

Sultanali alikohoa kidogo. Vithaldas aliishika kaniki, akaigeuza, na uso wake ukabadilika, kwa sababu sasa alikuwa ameuona unga ambao mwanawe angeuvuta.

"Basi imeshindikana," akasema. "Jumapili watakwenda Tabora."

Hapo Dorkasi aliona waziwazi alichokifanya. Angefunga mdomo wake, leso nyeupe ingemwokoa Mithu, na nyumba nzima ingelala kwa amani. Shantaben alikuwa akimtazama, na jicho lile lilimuuma kuliko kama angepigwa kofi.

Jioni ile saa kumi ikafika. Shantaben alikuwa amekaa tayari. Mithu akanyamaza. Kivuli cha dirisha kikasogea mpaka kwenye mguu wa kabati, na tunduni kimya.

"Dorkasi," Shantaben akasema, "leo hakuita."

"Ametishwa na lile lidude, mama. Ataita."

"Na wewe kwa nini hukunyamaza?"

Dorkasi akaweka ufagio ukutani. "Kwa sababu mama, ndege ni wako na mjukuu ni wako. Siwezi kukulindia mmoja kwa kukuharibia mwingine. Na Jumamosi bado."

Shantaben alimsukumia kiti.

Alhamisi asubuhi Dorkasi hakupitia nyumbani kwa Shantaben. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Sultanali akiwa na kifurushi cha gazeti, na ndani yake unga wa kasuku aliokuwa ameukung'uta jana yake kwenye trei ya tundu.

"Nimekuja kuiona ile ya pili," akasema baada ya salamu.

"Ipi, ile ndogo?" Sultanali akacheka. "Ile ilikuwa ya nesi mmoja wa Kongwa. Haina nguvu, mama. Msumari haiuwezi."

"Kasuku wetu hawatagi misumari."

Sultanali akacheka tena, safari hii kwa moyo, akaishusha kutoka rafuni. Ilikuwa fupi na nene, ya rangi ya majivu, inalala chini na kuburutwa kwa bomba lake. Dorkasi alimwomba aifungue kabla ya kuiwasha. Mfuko wake ulikuwa tumboni, umefungiwa ndani, na mahali pa kutolea upepo, nyuma kabisa, palikuwa na kipande cha sufu nene kama blanketi la jeshi. Dorkasi akakibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akamwaga unga sakafuni, akavua kaniki yake, aliyokuwa ameifua usiku na kuikausha mekoni, akaining'iniza nyuma ya mashine.

"Washa, bwana."

Ilivuma taratibu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Haikuwa na haraka. Iliunyonya unga kidogo kidogo, na Sultanali alikuwa amekwisha kuchoka kusubiri ilipomaliza. Dorkasi akaipeleka kaniki mlangoni, juani, akaitazama upande huu na upande huu. Ilikuwa nyeusi vilevile.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema. "Lile jekundu mpe fundi seremala akaokotee misumari. Hii naichukua, na bwana Vithaldas atakuja kuzungumza nawe."

Siku mbili zile alifanya kazi kama anayepalilia kabla ya mvua. Alianza darini na kuteremka, picha, makabati, mapazia, viti, maana unga hushuka, na mjinga ndiye huanza na sakafu. Mithu hakujipiga kwenye nyaya. Aliinamisha kichwa upande mmoja akaisikiliza mashine, lakini hakusema. Alhamisi saa kumi hakuita, Ijumaa hakuita. Shantaben alipika chai hata hivyo, na kikombe cha pili kikapoa mezani. Dorkasi alikiona, akaendelea kufyonza. Alikuwa na uhakika na vumbi. Kuhusu sauti ya marehemu hakuwa na uhakika, na jambo hilo lilimsumbua usingizini.

Jumamosi alasiri basi la Kondoa likafika. Sushila aliingia na vumbi jekundu la njiani hadi kwenye kope, mtoto kifuani. Barazani matundu mawili ya safari yalikuwa yamekwisha kufungwa kamba, yanamngoja mtu wa reli. Vithaldas akasimama mbele ya bembea. Akatoa leso yake nyeupe. Akaitazama, akairudisha mfukoni, akamnyooshea Dorkasi mkono.

"Nipe yako."

Dorkasi akavua kaniki, akampa. Vithaldas akafuta ubao wa juu, akafuta pembeni, akainama akafuta hata chini ya bembea, mahali ambapo mwanamume hafikirii kufuta. Alikwenda nayo mlangoni penye mwanga. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Nyeusi," akasema.

"Nguo hiyo ni ya nini?" Sushila akauliza.

"Ni ya kumkagua mumeo," Dorkasi akamjibu, na Shantaben akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. Akampokea mjukuu wake, akakaa naye kando ya bembea akimtazama vidole kimoja kimoja. Vithaldas akatoka barazani, akazifungua zile kamba kwenye matundu ya safari, akarudi.

Alikuwa bado anazikunja kamba mkononi Mithu alipojikung'uta, akasafisha koo kama mzee.

"Shanta, chai!"

Mtoto akashtuka, asilie. Dorkasi akacheka kwa sauti. Shantaben akataka kuinuka, lakini mtoto alikuwa amemshika kidole. Vithaldas akautazama mlango wa nje, kama alivyozoea kila sauti ile ilipoita.

"Kaa naye, Ba," akasema. "Nitapika mimi."

Akaingia jikoni. Wakamsikia akijaza maji, kisha akishusha vikombe rafuni kimoja kimoja, cha mama yake, cha Sushila, cha Dorkasi, chake mwenyewe. Mwishoni akashusha na cha baba yake.