Kabati la Pedi Lililotaka Kushuka

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, na kanga niliyojifunika kitandani ningali nimejitanda juu ya koti la kiwanda.

Kazini kwetu ni kiwanda cha sare za shule, hapa Tanga. Mimi, Mwanakheri, nashona kola. Wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao kwa sababu, wanasema, mdomo wangu hauna breki. Sikubishana nao. Na leo mdomo huo una kazi, maana asubuhi hii tuna mkutano na wakubwa na ajenda yangu ni kabati la pedi.

Kabati hilo limefungwa ndani ya choo cha wanawake, juu ukutani, karibu na dari, kwa sababu fundi aliyelifunga alikuwa mrefu na hakuna aliyemuuliza kitu. Lina kufuli. Ufunguo anao msimamizi wetu, Bwana Shemweta, mfukoni mwake. Ukihitaji pedi unamfuata mbele ya mashine zote, unajieleza, naye anakuuliza una hakika. Chini ya kufuli pamebandikwa masharti: lifunguliwe kwa dharura tu, na ni kwa wafanyakazi wa kudumu tu.

Shoga yangu Riziki, anayetoboa matundu ya vifungo, anatembea kwa magongo mawili na ni kibarua. Juzi alihitaji pedi, Bwana Shemweta yuko kwa mama ntilie anakula wali, na ufunguo wake mfukoni. Riziki alikaa kitini mpaka kiwanda kizima kikatoka, hakunyanyuka. Jana aliniambia siku zake zikifika atakuwa haji kazini. Kibarua asiyekuja, nafasi yake hupewa mwingine kabla ya chai. Iliniuma sana. Nililala na hasira, nayo ikanifuata usingizini.

Basi niko kwenye mashine. Nashona kola, kola haina shati, shati halina mtoto. Riziki ananigusa bega. Ananikonyeza tu, nami naelewa. Naenda kwenye kabati.

"Dharura iko wapi?" linauliza kufuli. Lina sauti ya Bwana Shemweta akishashiba.

"Ni Riziki."

"Moshi sioni."

Kabla sijajibu, gari la zimamoto linaingia kupitia mlango wa choo cha wanawake. Mlango huo Riziki na magongo yake huupita kwa ubavu. Gari linapita bila kukwaruza hata rangi. Zimamoto wanashuka na mpira wao, wamejipanga, wanakagua mashine moja moja.

"Tumeambiwa kuna dharura," anasema mkubwa wao.

"Ipo."

"Inawaka?"

"Haiwaki. Ila haingoji."

Anatazama kabati, kisha anatazama buti zake. "Kumbe hiyo," anasema. "Nyumbani nina mabinti. Wakinituma dukani hunyoosha kidole tu, muuzaji ananifungia kwenye gazeti. Mpaka leo sijalitaja jina lake."

"Basi kidole kipumzike," nikamwambia. "Leo nyoosha ngazi."

Akanyoosha ngazi. Nikapanda na kanga yangu. Nilipanda mpaka nikaacha kusikia mashine, na nilipofika juu sikuona kabati. Nilikuwa katika chumba cha sampuli, na mbele yangu liko lile sanamu tunalolivalisha magauni ya kupimia, lisilo na kichwa wala miguu, limesimama juu ya mti wake. Limezungukwa na pakiti za pedi hadi shingoni.

"Karibu," likasema. Sikuuliza linatumia mdomo gani. Ndotoni mtu hapekui.

"Hizi zote ni zako?"

"Zangu. Ni za wafanyakazi wa kudumu tu, na mfanyakazi wa kudumu hapa ni mimi peke yangu. Nimekuwepo tangu kiwanda kifunguliwe. Sijaumwa, sijazaa, sijafiwa."

"Na unazifanyia nini?"

"Sina ninachozifanyia."

"Hukuwahi kufikiria kumpa mwenye shida?"

"Nifikirie kwa kipi, dada? Wanasema akili ni nywele. Mimi hata pa kuzioteshea sina."

Nilitaka kulitukana, nikaona ni kupoteza mate. Nikachukua pakiti moja, ikageuka kengele ya mkutano na kulia mkononi mwangu.

Mkutano unafanyika chooni. Wakubwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, suruali zimepigwa pasi, kila mmoja na chupa yake ya maji. Zimamoto wamesimama nyuma. Riziki yuko mlangoni, kwa ubavu. Kabati liko ukutani pale pale pa siku zote, linatusikiliza.

"Ajenda yetu," anasema mwenyekiti, "ni mahitaji maalumu ya akina mama."

Kabati linapanda shibiri moja.

"Nakubaliana na mwenyekiti," anasema wa pili. "Suala hili nyeti tulichukulie kwa uzito." Kabati linapanda tena.

"Mambo yale ya ndani," anasema Bwana Shemweta. Kabati linatoboa dari. Vumbi la chokaa linamwagikia wajumbe, nao wanajipangusa na kuandika.

Zamu yangu ikafika. Wenzangu walikuwa wamenifundisha cha kusema: Mwanakheri, mbele ya wanaume lainisha maneno, usije ukatuaibisha. Nikakohoa. "Waheshimiwa," nikasema, "tunaomba yale mahitaji yetu..."

Kabati likapaa. Riziki akaliangalia huku ameinua shingo, gongo moja likateleza, zimamoto mmoja akamdaka. Niliiona aibu usoni kwa Riziki, nikajua nimeiweka mimi kwa maneno yangu laini. Sikuipenda hiyo hata kidogo.

Hapo kanga ikanifinya. "Soma mgongoni kwako," ikasema.

"Mtu hasomi mgongo wake."

"Basi nikusomee. Mficha uchi hazai. Umenivaa mwaka mzima, ulidhani hayo ni maua?"

Kabla sijaijibu, karatasi ya chooni iliyoning'inia kando ya mlango ikaomba nafasi. Mwenyekiti akairuhusu kwa sababu iliinua kona yake vizuri.

"Mimi na pedi," ikasema, "tunatoka bohari moja. Tunapakiwa gari moja, tunashushwa na mpagazi mmoja. Tukifika hapa, mimi nawekwa wazi, kila mtu ananivuta atakavyo, wa kudumu na kibarua. Hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini ananihitaji, wala kama ana hakika. Mwenzangu anafungiwa kama mwizi. Naomba kujua alikosa nini."

Wakubwa wakaangalia ndoo zao. Bwana Shemweta akapapasa mfuko wenye ufunguo, akatoa mkono haraka.

Nikanyanyuka. "Hedhi," nikasema.

Kabati likashuka shibiri moja.

"Semeni na nyinyi. Halijawahi kumuua mtu neno hilo. Sote humu tumetokana nalo."

Mkubwa wa zimamoto akavua kofia. "Hedhi," akasema. Wenzake wakapokea kwa pamoja, kama gwaride. Mwenyekiti akalisema, kwanza kwenye chupa ya maji, kisha nje ya chupa. Wa pili akalisema. Bwana Shemweta akalisema mwisho, macho yamefumbwa, akayafumbua akajikuta bado mzima. Kabati likashuka, likashuka, likarudi mahali pake pa siku zote karibu na dari, likasimama hapo.

"Shuka basi," nikaliambia. "Riziki hakufikii."

"Maneno yamenifikisha hapa," likajibu kabati. "Kilichobaki ni skrubu."

Nikacheka ndotoni, kwa kuwa lilisema kweli. Nikapanda ngazi ya zimamoto na mkasi wangu wa kukatia nyuzi. Nikaingiza ncha, nikazungusha. Skrubu zilikuwa ngumu, zimepakwa ile rangi ya kijani ya ukuta wetu, lakini mimi nina vidole vya kola. Moja ikatoka, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Ya pili, ya tatu, ya nne. Zimamoto wakalipokea kabati kwa mikono miwili miwili wakalishusha.

"Semeni 'hapo'," wakasema.

Wakubwa wakafungua midomo. Nikawazuia. "Wa kusema ni yeye."

Riziki akaingia. Mlango ulikuwa umepanuka, labda kwa aibu ya lile gari, naye akapita uso mbele kwa mara ya kwanza. Akasimama, akaegemea magongo, akanyoosha mkono bila kujivuta.

"Shusha kidogo," akasema. "Kidogo tena. Hapo. Msipandishe."

Kufuli likaona mambo yameharibika. Likamgeukia Bwana Shemweta, Bwana Shemweta akajifanya anafunga kamba za viatu. Likanigeukia mimi. "Na mimi niende wapi?"

"Una afya yako," nikaliambia. "Nenda kafunge baiskeli."

Likaenda, linaning'inia upande upande. Riziki akafungua kabati mwenyewe, akachukua alichokuja kuchukua. Hakuna aliyemuuliza kama ana hakika. Hata wakubwa waliendelea kuzungumzia bei ya vitambaa.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na jirani alikuwa anakwangua sufuria la uji. Nikakaa kitandani nikatafakari mkutano wangu. Nikavuta kanga nijifunge niende kuoga, pindo likanipiga gotini, zito. Lilikuwa na fundo. Sikumbuki kulala na fundo, na hela sina ya kufunga pindoni.

Nikalifungua. Nikaangalia kilichomo kwa muda. Nikalifunga tena, nikalikaza kwa meno.

Kisha nikampigia simu Riziki.

"Dada, umeamkaje?"

"Salama. Umeshavaa?"

"Nivae niende wapi? Si nilikwambia jana. Siku hizi siji."

"Vaa uje."

"Nije niombe kwa nani? Nimtazame Bwana Shemweta usoni?"

"Huombi kwa mtu. Kabati halipo juu tena."

Nilisikia magongo yake yakigusana. "Wewe umejuaje, na kiwanda hakijafunguliwa?"

Nikasogeza pindo la kanga kwenye simu, nikalitikisa asikie chuma kinavyogongana.

"Skrubu zake ninazo mimi."