Safu ya Waridi ya Verner

Nasema wazi: binti yule wa halmashauri alipotokea na kamera shingoni, nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

Majirani zangu ni Agnete na mumewe Verner. Verner macho yamemwisha, lakini kila asubuhi lazima akaoge baharini, jua au barafu, na hataki kushikwa mkono. Ndiyo maana Agnete alimpandia safu ya waridi kutoka mlangoni mpaka mchangani. Mzee anapapasa majani kwa fimbo, anafika mwenyewe.

"Mama, hapa ni ndani ya mstari wa kulinda ufuko," akasema binti, Rikke jina lake. "Huruhusiwi kupanda safu bila kibali. Mpita njia atadhani pwani ni yenu, ageuke."

Agnete alipanda maua, wao wakaona ua wa kuzuia watu.

"Basi nitaomba kibali."

"Omba, mama. Ila nisikudanganye, kwa safu kama hii hawatoi. Itabidi ing'olewe."

"Tukifunga kamba?" nikadakia.

"Kamba ni uzio."

"Tukipanga mawe?"

"Nayo yanataka kibali." Akaishusha kamera bila kupiga picha, maskini. Nikaona kumbe hata yeye inamuuma.

"Acheni," Verner akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nimeoga miaka mingi. Inatosha."

Agnete akageukia ukutani, akalia. Mimi nikapandisha hasira.

"Wee mzee, nani kakuuliza? Rikke, na mimi, Bodil, nikisimama pale majini nipige kelele aifuate sauti?"

Binti akanitazama, akacheka huku akifuta macho. "Mtu si uzio, Bodil. Simama mpaka uchoke."

Waridi ziling'olewa Jumamosi. Jumapili nikasimama majini, koti juu ya gauni la kulalia, miguu imekufa ganzi.

"Verner! Njoo, mvivu mkubwa!"

Akaja na fimbo yake. Katikati ya njia upepo ukaibeba sauti yangu. Akasimama, akageuza kichwa huku na huku. Nikamtukana kwa nguvu zangu zote, yeye, bahari na halmashauri nzima, mpaka koo likawaka.

Akatabasamu, akanyoosha moja kwa moja. Akanipita ubavuni bila kunigusa, akaingia majini.

Kule juu mlangoni, Agnete alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.